Cornelis Pronk, Mholanzi aliyechorea Wachina sahani

Wengi wetu tukiona sahani ya kale ya kauri yenye picha ya Kichina, tunadhani picha hiyo ilibuniwa China. Si mara zote. Katika karne ya 18 baadhi ya picha hizo zilichorwa Amsterdam, Uholanzi, na mtu ambaye hakuwahi kufika China.

Huyo ni Cornelis Pronk. Alizaliwa mwaka 1691, akajifunza kuchora sura za watu, kisha akapata jina kwa kuzunguka nchini kwao akichora makanisa, ngome za kale na vijiji jinsi alivyoviona.

Mwaka 1734 aliitwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, maarufu kwa herufi VOC. Kampuni hiyo ilinunua vyombo vya kauri China na kuviuza Ulaya, lakini washindani nao walileta bidhaa zilezile. VOC ikataka kitu ambacho wengine hawana. Pronk akakubaliwa gilda 1,200 kwa mwaka abuni mapambo na maumbo ya vyombo vya mezani, mafundi wa Asia wayafuate.

Mchoro wake wa kwanza ndio uliovuma: bibi amesimama kando ya maji, mtumishi wake amemshikia mwavuli, na mbele yao ndege wa majini kwenye matete. Baadaye akachora matabibu, kisha watu waliopumzika kwenye kibanda cha bustani. Ilikuwa China ya kufikirika, iliyopambwa ili impendeze mnunuzi wa Ulaya.

Michoro ilisafiri kwa meli hadi Batavia, ambayo leo ni Jakarta, ndipo ikapelekwa China na Japani. Hapo hesabu zikakataa. Pronk alikuwa amejaza ukingo wa sahani kwa mapambo madogo madogo, na kila sahani ilihitaji fundi hodari na muda mrefu. Wachina wakataja bei kubwa, Wajapani wakataja kubwa zaidi. Kampuni ikapata hasara, na kufikia mwaka 1740 kazi ya Pronk ikasitishwa. Kwa maoni yetu lawama si ya mchoraji peke yake: matajiri wake walitaka urembo kabla ya kuuliza fundi atadai kiasi gani.

Pronk alifariki Amsterdam mwaka 1759. Bibi wa mwavuli naye alishaingia mikononi mwa mafundi, nao walimbadilisha walivyotaka. Wachina walimchora kwa rangi ya bluu tupu, na pia kwa rangi nyingi. Wajapani walimvua nguo zake wakamvika kimono. Leo jumba la makumbusho la Rijksmuseum, mjini Amsterdam, linahifadhi mchoro wa Pronk pamoja na vyombo vilivyotokana nao.