Mwalimu wa Pugu na Wokovu wa Mtu

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa zima humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mjini London siku hiyo mwaka 1999. Hotuba husomwa na mashada huwekwa. Sisi Wakatoliki tuna wajibu mmoja zaidi siku hiyo, nao ni kumwombea marehemu. Wako wanaoshangaa. Mtu mkuu namna ile, ambaye tangu mwaka 2005 aitwa Mtumishi wa Mungu, ana haja gani na sala za watu wadogo kama sisi? Swali hili ni la haki, na jibu lake lagusa wokovu wa kila mmoja wetu.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristu. Alipokuwa mwanafunzi alijifunza dini, akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Basi imani kwake haikuwa urithi wa wazazi, bali ilikuwa jambo alilolipima kwa akili yake, akalichagua kwa hiari. Alisoma Makerere, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952.

Aliporudi alipata kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe. Mahali pale palikwisha kuonja mauti kwa ajili ya imani. Wamisionari Wabenediktini walijenga misioni Pugu mwaka 1888, na tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ile ilishambuliwa. Watawa watatu waliuawa, mabruda wawili na sista mmoja. Ndipo hapo kijana wetu alipofundisha historia kwa mshahara wa mwalimu, na kushuka Dar es Salaam kwa kazi ya siasa. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi na mshahara, hali ana mke na watoto wadogo.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Atakaye kuona vita ile kwa macho na aende Kibaha. Huko, mwaka 1963, kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, palianzishwa kituo chenye mambo matatu mahali pamoja: shule, huduma ya afya, na mafunzo ya wakulima. Kila adui aliwekewa silaha yake. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa Serikali yetu. Mwaka huo huo Mwalimu alizungumza na Masista wa Maryknoll huko Marekani, akawaonya kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga yale yanayowakandamiza maskini, watu watalihesabu kuwa upande wa wakandamizaji.

Onyo hilo lilikuwa la kweli. Wako Wakristu wanaodhani kwamba uovu ni kazi ya shetani na wachawi tu, wala hawauoni katika mtoto asiye na dawa. Bwana wetu alifundisha kwamba siku ya hukumu tutaulizwa juu ya mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Hata hivyo, maendeleo si wokovu. Mzizi wa uovu umo moyoni mwa mtu, nao hauondoki kwa shule wala kwa hospitali. Mtu aweza kushiba, akasoma, akapona, na bado akampoteza Mungu.

Nao moyo wa kiongozi ni moyo wa mwanadamu. Tusimfanye Mwalimu malaika. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, nayo ilitumika. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wako walioziona nyumba zao zikichomwa moto. Shule ile ile ya Pugu ilichukuliwa na Serikali pamoja na shule nyingine za misioni, kufuatana na sheria ya mwaka 1969. Nia njema haigeuzi dhuluma kuwa haki. Kama yuko msomaji ambaye wazazi wake walipoteza nyumba siku zile, hatumwambii asahau. Kusamehe si kusema kwamba kosa halikutendeka, bali ni kumwachia Mungu hukumu iliyo yake.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu. Mwalimu alikuwa akihudhuria Misa Takatifu karibu kila siku. Kwenye Misa, kila mtu hukiri kwanza kwamba amekosa, awe rais au mpagazi. Aliyezoea kupigiwa saluti alijipiga kifua kama sisi. Baada ya kung'atuka mwaka 1985, alizitafsiri Injili kwa tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Mtu wa namna hiyo hakujiona ameokoka kwa matendo yake. Alitumaini huruma.

Kuitwa Mtumishi wa Mungu maana yake ni kwamba uchunguzi umeanza. Kanisa husikiliza wanaosifu na wanaolalamika, wala halimweki mtu altareni kwa sababu taifa lampenda. Kwa hiyo si ruhusa kumheshimu hadharani kama mtakatifu. Ila twaweza kumwomba atuombee katika sala zetu za faragha, na twaweza kumwombea yeye. Twasadiki kwamba wafao katika neema, na bado wana deni la kutakaswa, hupitia toharani, na sala za walio hai huwafaa.

Basi jioni ya tarehe 14 Oktoba, kila nyumba na isali fungu moja la rozari kwa ajili yake, fungu la pili kwa ajili ya wote walioteseka chini ya utawala wake, na la tatu kwa ajili ya marehemu wa nyumba ile. Kisha baba na mama na wajiulize mbele ya watoto wao jinsi wanavyoutumia uwezo mdogo waliopewa. Nasi pia, kila mtu kwa kipimo chake, tutadaiwa hesabu.