Otto Lilienthal na Mabawa Yake

Tangu zamani watu walitamani kuruka kama ndege. Wengine walijifunga mabawa wakajitupa kutoka juu ya minara, wakaumia bure, kwa sababu hawakujua jinsi upepo unavyolichukua bawa. Otto Lilienthal alianza kwa kutazama.

Alizaliwa mwaka wa 1848 katika mji wa Anklam, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikufa Otto angali mtoto, mama akawalea. Otto na nduguye Gustav walizoea kwenda mbugani kuwatazama korongo, wakaona ya kuwa korongo akitaka kuinuka huukabili upepo. Basi wakajitengenezea mabawa ya mbao, wakayajaribu usiku ili wenzao wa shule wasiwacheke. Hawakuruka, lakini hawakukata tamaa.

Otto alipokuwa mtu mzima akawa fundi wa mitambo, akafungua kiwanda chake mjini Berlin. Miaka mingi alipima nguvu za upepo, akavumbua ya kuwa bawa lililopindika kidogo, kama la ndege, huinuliwa kuliko lililo bapa. Hayo aliyaandika katika kitabu mwaka wa 1889.

Mwaka wa 1891 alitengeneza mabawa ya fito na nguo, akakimbia kutoka mlimani, akachukuliwa na upepo kiasi cha mita 25. Baadaye akajenga kilima karibu na Berlin, ili aweze kuukabili upepo utokao upande wo wote. Hakuwa na injini. Alining'inia kwa mikono, na mabawa yakiinama upande mmoja, hutupa miguu upande wa pili ili yawe sawa. Aliruka mara zipatazo 2,000, na mara nyingine alifika mita 250.

Tarehe 9 Agosti 1896 upepo mkali uliyainua mabawa ghafula, yakasimama hewani. Otto alitupa miguu mbele, asifaulu. Akaanguka, akavunjika uti wa mgongo, akafa kesho yake.

Habari za kifo chake zilifika Marekani kwa ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Walisoma maandishi yake, wakatambua ya kuwa kutupa miguu hakutoshi. Wakatafuta njia ya kuyapinda mabawa yenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903 eropleni yao yenye injini iliruka. Hivyo kazi iliyoanzwa na watoto wawili mbugani ilimalizwa na ndugu wengine wawili, mbali ng'ambo ya bahari.