Maisha ya Joseph Marie Jacquard
Jacquard alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1752, mwana wa mfumaji wa hariri. Siku hizo kufuma nguo yenye maua kulihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba kutwa. Mwaka 1804 alitengeneza mtambo wa kufumia ulioongozwa na kadi: penye tundu uzi uliinuka, pasipo tundu ulibaki chini. Karasha la hapa Sekenke hujua kazi moja tu, kusaga mawe ya dhahabu; mtambo wa Jacquard ulibadili ua kwa kubadilishwa kadi. Wafumaji walimchukia kwa kuhofia riziki yao, wala hawakuwa wajinga. Alifariki mwaka 1834. Kidhibiti cha Modicon kilipoingia viwanda vya magari Marekani, mwaka 1969, kilifuata njia ile: hubadilishwa maagizo, si nyaya.