Koitalel arap Samoei: Aliitwa Kwenye Suluhu Akauawa

Leo tunapenda kuwaletea wasomaji wetu, hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Wapo mashujaa waliokufa vitani, na wapo waliokufa walipokwenda kuzungumza amani. Koitalel ni mmoja wa hao wa pili, na kwa sababu hiyo habari zake zinamhusu kila mtu aliyekabidhiwa bunduki.

Nchi ya Wanandi iko katika milima ya magharibi ya Kenya, lakini hadi mwaka 1902 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Majeshi ya kwanza yaliyotumwa kupigana na Wanandi yalitoka upande wetu. Hivyo sisi tulio Uganda hatuwezi kuisikiliza habari hii kana kwamba ni ya wageni.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860 katika ukoo wa Talai. Baba yake, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot, yaani mkuu wa mambo ya ibada na utabiri, ambaye vita haikuanza bila baraka yake. Wazee wa Kinandi husimulia kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa nyoka mkubwa, atemaye moto na moshi, atakayetoka katika bahari ya mashariki kuja kunywa maji katika ziwa la magharibi. Mwaka 1890 nchi ilipatwa na misiba mingi, watu wakamtupia Kimnyole lawama, wakampiga kwa marungu hata akafa.

Baada ya kifo hicho wana wake wawili waligombea kiti. Kipchomber alishindwa akakimbilia kwa Wakipsigis, akawa Orkoiyot wao. Koitalel akabaki na Wanandi.

Hapana budi tueleze jinsi nguvu zake zilivyokuwa, kwa maana Waingereza wengi walimdhania kuwa mfalme. Wanandi hawakuwa na mfalme. Nchi yao iligawanyika katika sehemu ziitwazo pororiet, na kila pororiet ilikuwa na baraza lake na kikosi chake cha vijana wa rika la vita. Katika kila baraza Orkoiyot aliweka wajumbe wake. Kwa njia hiyo Koitalel, bila ya kushika mkuki yeye mwenyewe, aliweza kuunganisha vikosi vya nchi nzima vikashambulia kwa shauri moja. Askari wa leo atatambua mara moja kwamba kazi hiyo ni ya makao makuu.

Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imekwisha jifunza zamani kuikwepa nchi ya Wanandi. Waingereza hawakutaka kuikwepa, kwa sababu njia yao ya kwenda Uganda ilipita hapo. Mwaka 1895 mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza, Peter West, aliuawa pamoja na watu wake, na mwaka huo huo ukatumwa msafara wa kwanza wa kuwaadhibu Wanandi. Askari wake walikuwa wa Uganda Rifles, wengi wao Wasudani. Misafara mingine ilifuata mwaka 1897, 1900 na 1903. Kila mara vijiji vilichomwa moto na mifugo ikatekwa, na kila mara Wanandi walijikusanya upya.

Wakati huo nyoka wa chuma alikuwa anakaribia. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wanandi walichukua nyaya za simu wakatengeneza mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Wakubwa wa serikali waliuita wizi. Lakini mwenye nchi hakuwa ameulizwa iwapo reli ipite katika malisho yake, wala hakulipwa kitu. Na nyuma ya reli walikuja walowezi, wakitaka mashamba makubwa kandokando ya njia ile.

Ndipo serikali ilipokata shauri kuimaliza kazi. Mwezi wa Oktoba 1905 lilikusanywa jeshi kubwa kuliko yote yaliyotangulia: vikosi vya King's African Rifles, polisi, na mamia ya wapiganaji wa Kimaasai. Kabla jeshi hilo halijaanza safari, afisa mmoja wa K.A.R., Richard Meinertzhagen, alipeleka ujumbe kwa Koitalel akimwita kwenye mkutano wa suluhu. Mkutano ulipangwa kufanyika asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, katika kilima cha Ket Parak, mahali ulipo leo mji wa Nandi Hills.

Koitalel alikwenda. Masimulizi ya Wanandi yanasema alishika majani mkononi, nayo majani kwao ni alama ya amani. Meinertzhagen alikuja na askari wachache mbele ya macho, na wengine akawaweka karibu wakiwa tayari. Walipokaribiana, risasi zikalia. Koitalel alianguka akafa hapo hapo, na watu wake kadhaa wakauawa pamoja naye. Afisa yule alidai baadaye kwamba alikuwa ametegewa mtego na kwamba Wanandi ndio walioanza. Wanandi wanasema mtego ulikuwa wake. Baraza la uchunguzi lilikaa mara tatu, na kila mara likamwondolea hatia. Hata hivyo wakubwa wake hawakupenda aendelee kukaa katika nchi hiyo, na mwaka 1906 akaondolewa. Fimbo za utukufu za Koitalel alizichukua akaenda nazo Uingereza.

Siku chache baada ya mauaji hayo jeshi liliingia. Nchi iliyopoteza kichwa haikuweza tena kuunganisha vikosi vyake. Wanandi zaidi ya 1,000 waliuawa, na makumi ya maelfu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi yakatekwa. Mwaka 1906 watu waliokaa karibu na reli walihamishwa kwa nguvu wakasukumwa kaskazini katika rizavu, na ardhi yao ikawa wazi kwa walowezi.

Liko jambo moja ambalo tunaomba askari walifikiri sana. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vijana wa Kinandi waliingia K.A.R., wakalitumikia jeshi lile lile lililomwua kiongozi wao. Vita vilipokwisha, serikali ilitaka kuwatunza askari wake wa zamani kwa kuwapa mashamba. Yapata mwaka 1920 zaidi ya maili mraba 100 zilikatwa kutoka katika rizavu ya Wanandi, upande wa Kipkarren na Kaimosi, wakapewa maaskari wazungu. Askari wa Kinandi alirudi nyumbani akakuta malisho ya baba yake yamekuwa tuzo ya mwenzake wa vita.

Baada ya ardhi, mila nazo zilifuatwa. Mwaka 1923 Wanandi walijitayarisha kufanya sherehe ya saget ab eito, ambayo ndani yake ng'ombe dume huchinjwa na rika moja hulikabidhi rika jingine ulinzi wa nchi. Serikali iliogopa kuwa ni maandalio ya maasi, ikaipiga marufuku, ikamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, aliyekuwa Orkoiyot wakati huo. Alikaa kizuizini hadi mwaka 1964, Kenya ilipokuwa imekwisha pata uhuru. Ni miaka ipatayo arobaini.

Fimbo za Koitalel zilirudishwa kwa Wanandi mwaka 2006, karne nzima baada ya kuchukuliwa, nazo zilitoka mikononi mwa mwana wa Meinertzhagen. Huko Nandi Hills limejengwa jumba la makumbusho lenye jina la Koitalel. Lakini sehemu kubwa ya milima ile imefunikwa na mashamba ya chai, na madai ya ardhi ya Wanandi na ya ukoo wa Talai hayajakwisha.

Sisi tunaona somo moja katika maisha haya. Waliokuwa na silaha kule Ket Parak, mbali na afisa wao, walikuwa Waafrika. Walitii amri, wakapokea mshahara wao, na hakuna aliyewauliza habari za ardhi. Adui ajaye vitani ana haki ya kutarajia risasi, lakini adui aliyeitwa kwenye mazungumzo amekabidhi uhai wake kwa heshima ya aliyemwita. Kilima cha Ket Parak kilitekwa asubuhi moja tu. Imani iliyovunjwa pale haijarudi hata leo, na wenye nchi bado wanaidai.