MAISHA YA MAREHEMU RONALD GIDEON NGALA



Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki ili wasomaji wapate la kujifunza. Nimemchagua Marehemu Ronald Ngala wa Pwani. Vijana wengi hupandia matatu katika barabara yenye jina lake mjini Nairobi, lakini ukiwauliza huyo Ngala alikuwa nani, wananyamaza. Mimi ni mtu wa Pwani na mwalimu mstaafu wa historia, kwa hivyo naona deni hili ni langu kulilipa.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Kilifi, katika kabila la Wagiriama. Alisoma Kaloleni, akaendelea Alliance High School huko Kikuyu, kisha Makerere nchini Uganda, alikosomea ualimu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya chaki. Alifundisha kwao Kaloleni, akawa mwalimu mkuu Mbale katika nchi ya Wataita, na baadaye Buxton mjini Mombasa. Basi alipoingia katika siasa alikuwa amekwisha kaa na watu wa mashamba, watu wa milimani na watu wa mjini, na Pwani alikuwa akiijua vizuri.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wenyewe kwa mara ya kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wanane tu. Ngala alikuwa mmoja wao, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wenzake walimwamini sana, hata mwaka wa 1960 wakamfanya kiongozi wa ujumbe wa Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na kwa sababu hiyo waliogombana wao kwa wao waliweza kukubaliana juu yake.

Mwaka huo huo KANU ilianzishwa. Ngala alichaguliwa kuwa mtunza hazina naye yuko safarini, lakini alikikataa cheo hicho. Mwezi wa Juni, huko Ngong, makabila madogo yaliunda chama chao, KADU, Ngala akawa rais wake. Msimwone kuwa mtu wa kupenda mafarakano. Wamijikenda, Wakalenjin, Wamasai na wengineo walikuwa na hofu ya kweli: Mzungu akiondoka, nani atagawa ardhi? Walitaka kila jimbo liwe na baraza lake na mamlaka yake. Siasa hiyo ndiyo iliyoitwa majimbo.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka wa 1961. Katika uchaguzi wa Februari KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akakubali kuiunda, naye akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wengi walimwita kibaraka wa Waingereza. Lakini tazameni yaliyotendeka: wakati wa serikali yake nyumba ya Kenyatta ilijengwa Gatundu, na mwezi wa Agosti mwaka huo Mzee akarudi kwao. Aliyemfungulia mlango alikuwa ni mpinzani wake.

Jambo la pili ni Mwambao. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na wako Waswahili na Waarabu waliotaka ujitenge na Kenya. Ngala alilipinga jambo hilo. Aliitaka Pwani ijitawale mambo yake ndani ya Kenya, isiwe nje yake. Mkataba wa Oktoba 1963 ukaunganisha ukanda huo na Kenya, na mpaka leo Mombasa, Malindi na Lamu ni zetu sote.

Katiba ya mwaka wa 1963 iliweka majimbo 7, mbali na Nairobi. Lakini KANU ilishinda uchaguzi wa Mei, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Serikali kuu ilishika fedha, mabaraza ya majimbo yakabaki na jina, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kuwa KADU imevunjwa na kwamba wanajiunga na serikali. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri ya chama kimoja, na majimbo yakafa.

Mwaka wa 1966 alichaguliwa makamu wa rais wa KANU kwa Mkoa wa Pwani, akaingia pia katika Baraza la Mawaziri akishika Ushirika na Huduma za Jamii. Lakini miaka yake ya mwisho ilijaa magomvi ya chama huko Pwani. Mwezi wa Desemba 1972, akisafiri kwenda Nairobi kwa sherehe za Jamhuri, gari lake lilipata ajali karibu na Konza. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia garini. Ngala alifariki hospitalini siku ya Krismasi. Maneno mengi yalisemwa juu ya ajali hiyo, na Pwani yanasemwa hata sasa.

Maoni yangu ni haya. Ngala aliuliza swali la haki: mnyonge atalindwa na nani penye wengi? Jibu lake lilikuwa na kasoro, kwa kuwa majimbo yalichorwa kwa kufuata makabila, na katika miaka ya 1990 wako waliolitumia jina hilo kuwafukuza jirani zao. Hata hivyo swali halikuzikwa naye. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta kaunti 47 zenye mabaraza yao na fungu lao la fedha lililowekwa na sheria. Fungu hilo ndilo ambalo majimbo ya Ngala hayakulipata, na ndilo lililoyaua.

Nawaachia wanafunzi wa chama cha mjadala hoja moja: je, Ngala alifanya vyema kuvunja KADU mwaka wa 1964? Wa kuunga mkono watasema aliiepusha nchi changa na vita. Wa kupinga watasema aliwaacha bila mtetezi watu waliomwamini. Mimi nimeipima hoja hii miaka mingi, na mizani yangu huegemea upande wa kwanza, ingawa si kwa uzito mkubwa. Jipimieni wenyewe.