Jevons: Mchumi aliyeonya kuwa ukuaji una kikomo

JUMAPILI ya Agosti 13, 1882, mwanamume mmoja aliyekuwa mapumzikoni na familia yake kusini mwa Uingereza alishuka peke yake hadi ufukweni, karibu na mji wa Hastings, akaingia baharini kuoga. Hakutoka akiwa hai. Alikuwa na umri wa miaka 46. Aliacha mjane, watoto watatu wadogo na mswada wa kitabu cha uchumi ambao hakuwahi kuumaliza.

Marehemu huyo alikuwa William Stanley Jevons, mmoja wa wachumi mashuhuri wa karne ya 19. Miaka 17 kabla ya kifo chake alikuwa ameuliza swali lililowakosesha usingizi wakubwa wa nchi yake, na ambalo dunia inalikabili hadi leo: je, uchumi unaweza kukua bila kikomo ilhali unaendeshwa na kitu chenye kikomo?

Jevons alizaliwa Septemba 1, 1835, katika mji wa bandari wa Liverpool, akiwa mtoto wa tisa kati ya 11. Baba yake, Thomas, alikuwa mfanyabiashara wa chuma. Mama yake, Mary Anne, alifariki dunia mwaka 1845, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 10. Miaka mitatu baadaye biashara ya baba ilifilisika. Hivyo mapema kabisa maishani mwake kijana huyo alijionea jinsi neema inavyoweza kuiponyoka nyumba iliyoizoea.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha London kilichojulikana kama University College, akasoma kemia. Mwaka 1854, kabla ya kumaliza shahada, alipata kazi ya kupima usafi wa dhahabu katika kiwanda kipya cha sarafu mjini Sydney, Australia. Akiwa na miaka 18 tu, alivuka bahari akaenda kuishi huko miaka mitano.

Mshahara ulikuwa mzuri na kazi haikummaliza nguvu. Muda wake wa ziada aliutumia kupima mvua, joto na upepo, na kuchunguza jinsi mawingu yanavyojengeka. Mwaka 1859 taarifa yake kuhusu hali ya hewa ya Australia na New Zealand ilichapishwa. Mwaka huohuo aliiacha kazi hiyo yenye kipato cha uhakika, akarudi Uingereza kukamilisha masomo, kwa kuwa alikwisha kuamua kuwa maisha yake atayatoa kwa elimu ya uchumi.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Maandishi yake ya kwanza hayakupata wasomaji wa maana. Mwaka 1863 alikwenda kufundisha katika chuo cha Owens mjini Manchester, jiji lililokuwa kitovu cha viwanda vya pamba, ambako moshi wa makaa ya mawe ulitanda mchana na usiku. Ni huko alikokiandika kitabu kilichomtoa gizani, The Coal Question, kilichotoka mwaka 1865.

Wakati huo Uingereza ilikuwa taifa lenye viwanda vingi kuliko taifa lolote duniani. Meli zake, reli zake, tanuri zake za chuma na viwanda vyake vya nguo, vyote viliendeshwa kwa makaa ya mawe. Wataalamu wa miamba walikuwa wamekadiria kuwa chini ya ardhi ya nchi hiyo, hadi kina cha futi 4,000, ilikuwapo akiba ya tani zipatazo bilioni 80. Kwa matumizi ya wakati ule, hesabu ilionyesha kuwa akiba hiyo ingetosha kwa zaidi ya miaka 1,000. Wengi waliridhika, wakalala.

Jevons aligundua kasoro katika hesabu hiyo. Ilichukulia kuwa matumizi yatabaki palepale, wakati yalikuwa yakipanda kwa takriban asilimia 3.5 kila mwaka. Kitu kinachokua kwa kasi hiyo hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka 20 hivi. Mwaka 1861 Uingereza ilichimba tani zipatazo milioni 83.6. Kwa mwendo uleule, alisema, ifikapo mwaka 1961 ingehitaji zaidi ya tani milioni 2,600 kwa mwaka mmoja. Buyu la asali lililodhaniwa kuwa la vizazi vingi lingekauka ndani ya karne moja na ushei.

Hakudai kuwa asubuhi moja wachimbaji wangekuta mashimo matupu. Hoja yake ilikuwa ya kichumi. Makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi huchimbwa kwanza kwa sababu ni rahisi kuyapata. Kadiri migodi inavyokwenda chini, gharama hupanda, bei hupanda, na nchi zenye akiba kubwa zaidi, hasa Marekani, huchukua nafasi. Ukuaji ungefika mahali usiweze kuendelea, muda mrefu kabla ya jiwe la mwisho kutolewa.

Wapo waliomjibu kuwa mitambo bora ingepunguza matumizi. Jibu lake ndilo lililoliweka jina lake katika vitabu hadi leo. Alionyesha kuwa mashine za mvuke za awali zilikula makaa mengi kiasi kwamba ni wachache waliozitumia. James Watt alipozifanya ziwe na ufanisi zaidi, nguvu ya mvuke ikawa rahisi, na kila mwenye kiwanda akaitaka. Huko Scotland, makaa yaliyohitajika kuyeyusha tani moja ya chuma yalipungua hadi chini ya theluthi moja, lakini kati ya mwaka 1830 na 1863 matumizi ya jumla ya makaa katika kazi hiyo yaliongezeka mara 10. Kwa maneno mengine, kinachobanwa katika mashine moja hufunguliwa katika mashine elfu. Wachumi hukiita kitendawili cha Jevons.

Mwaka 1866 mambo yalibadilika ghafla. Mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa mbunge, alikitaja kitabu hicho bungeni, akisisitiza kuwa kizazi kinachofaidi makaa kina wajibu wa kulipa deni la taifa badala ya kuwarithisha wajukuu deni pamoja na migodi mikavu. Waziri wa Fedha, William Gladstone, alishika hoja hiyohiyo na akakutana na mwandishi. Serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza akiba ya makaa. Taarifa ya tume hiyo, iliyotolewa mwaka 1871, ilisema akiba ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na hofu ikapungua.

Mwaka huo wa 1866 Jevons alifanywa profesa, na mwaka uliofuata alimuoa Harriet Taylor, binti wa mwanzilishi wa gazeti la Manchester Guardian. Aliendelea kuandika: mwaka 1871 alitoa kitabu cha nadharia ya uchumi kilichobadili jinsi thamani ya bidhaa inavyoelezwa. Pia aliunda mashine ya kutatua mafumbo ya mantiki. Lakini usingizi ulimtoroka na afya yake ikadhoofu. Mwaka 1880 aliacha kufundisha ili apate muda wa kuandika, na muda huo bahari ikaukatisha.

Je, alikuwa sahihi? Historia imempa jibu la nusu kwa nusu. Alikosea alipoyapuuza mafuta ya petroli, ambayo yalikuja kuendesha karne iliyofuata. Uchimbaji wa makaa Uingereza ulifikia kilele mwaka 1913 kwa tani zipatazo milioni 287, kisha ukaanza kushuka. Mwaka 1961 haukufika hata tani milioni 200. Mwenyewe aliishi kana kwamba uhaba ulikuwa mlangoni: mchumi John Maynard Keynes alisimulia mwaka 1936 kwamba Jevons alirundika nyumbani karatasi za kuandikia na za kufungashia, nyingi kiasi kwamba zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake watoto wake walikuwa hawajazimaliza.

Lakini katika kitendawili chake hajapingwa kirahisi. Wachumi wanabishana juu ya ukubwa wa athari hiyo, si juu ya kuwapo kwake. Taa, magari na mitambo ya leo hutumia nishati kidogo kuliko ya zamani, na bado mwaka 2024 dunia ilitumia zaidi ya tani bilioni 8 za makaa ya mawe. Kiasi hicho ni takriban mara 100 ya kile ambacho Uingereza nzima ilichimba mwaka 1861.

Jambo moja halikumpitia akilini, ingawa alianza kama mpimaji wa hali ya hewa. Mwaka 1859, mwaka aliorudi kutoka Sydney, mwanasayansi John Tyndall alianza kupima mjini London jinsi baadhi ya gesi zinavyozuia joto, ikiwamo ile itokayo kwenye makaa yanapoungua. Jevons aliutafuta ukomo chini ya ardhi, kumbe mwingine ulikuwa ukijikusanya juu ya kichwa chake.

Desemba 2015 Uingereza ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa wa kina kirefu, na Septemba 30, 2024, kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa. Makaa mengi bado yamelala chini ya ardhi. Nchi aliyoihofia kuwa itayamaliza imeamua kuyaacha hukohuko, baada ya kutambua kuwa anga lilijaa kabla ya migodi kukauka.