Kazadi Mwamba, kipa aliyengojea mechi ya kurudia

Ukitaja kombe la 1974 mbele ya wazee wa Kindu au wa Kailo, jina la kwanza utakalosikia ni Ndaye Mulamba. Ni haki yake, maana mtu aliyefunga magoli 9 katika shindano moja la Kombe la Afrika hajasahaulika mpaka leo. Lakini nyuma ya Ndaye, kule langoni, kulikuwa kijana wa Lubumbashi ambaye alikuwa amekwisha kubeba kombe la Afrika mara tatu kabla ya siku ile. Mbili akiwa na klabu yake, moja na timu ya taifa. Huyo ni Kazadi Mwamba.

Alizaliwa 1947, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali Élisabethville na jina lake mwenyewe lilikuwa Robert Kazadi. Hilo Robert lilianguka baadaye, Mobutu alipoamuru watu waache majina ya kizungu. Klabu yake nayo ilikuwa na jina la kizungu: Englebert, jina la kiwanda cha mipira ya magari. Ndiyo hii tunayoiita leo Mazembe. Neno Tout Puissant waliliongeza miaka ya 1960, ekipe ilipokuwa inashinda bila kupoteza.

Mwaka 1967 haukuwa mwaka wa mpira kwa watu wa mashariki. Mamluki wa Jean Schramme walikuwa wamekamata Bukavu, na hawakuondoka kuvuka kwenda Rwanda mpaka mwanzo wa mwezi wa 11. Wiki mbili tu baada ya hapo, Englebert walikuwa Kumasi, Ghana, kucheza fainali ya klabu bingwa za Afrika na Asante Kotoko. Mechi ya kwanza, 1-1. Ya pili ikachezwa Kinshasa tarehe 26 mwezi wa 11, watu wakiamini kombe linabaki nyumbani. Ikaisha 2-2.

Hapa lazima kueleza kidogo, juu vijana wa leo wamezoea penalti. Wakati ule fainali ikifungana, hakukuwa penalti za kumaliza ubishi. Wala ile hesabu ya goli la ugenini haikutumika. Na ni bahati kwa Lubumbashi, maana Kotoko walifunga mawili ugenini na Englebert moja tu. Kwa hesabu hiyo kombe lingekwenda Kumasi moja kwa moja. Badala yake shirikisho la mpira la Afrika likaamua mechi ya tatu, uwanja usiokuwa wa mtu, kule Yaoundé nchini Kameruni, tarehe 27 mwezi wa 12.

Kotoko hawakutokea. Walijieleza kwamba wakubwa wa mpira wa nchi yao hawakuwafikishia habari ya tarehe. Kombe likapewa Englebert. Kazadi alikuwa na miaka 20, na kombe lake la kwanza la Afrika lilikuja kwa mechi ambayo haikuchezwa. Waghana hawakufurahi, na hata leo ukikutana na mtu wa Kumasi anayejua mpira atakukumbusha.

Lakini wiki chache tu baadaye watu hao walikutana tena, na mara hii hakuna aliyekosa kuja. Ilikuwa Kombe la Afrika la mataifa, Ethiopia, mwezi wa kwanza 1968. Ghana ndiyo ilikuwa bingwa wa 1963 na 1965. Kwenye makundi Ghana wakaifunga Kongo 2-1. Kwenye fainali, tarehe 21, Addis Abeba, Pierre Kalala, naye wa Englebert, akafunga goli moja, na Kazadi na walinzi wake wakalinda hilo moja mpaka filimbi ya mwisho. Likawa kombe la kwanza la nchi. Mtu aliyetaka kusema Wakongo wanapewa makombe mezani, pale alinyamaza.

Englebert wakachukua tena kombe la klabu la mwaka uliofuata kwa kuipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0 nyumbani. Waliporudiana kule Lomé wakafungwa 4-1, lakini hesabu ilikuwa imekwisha. Kisha fainali mbili nyingine, na zote mbili wakapoteza: mbele ya Ismaily ya Misri, halafu mbele ya wale wale Kotoko, waliokuja Kinshasa mwezi wa kwanza 1971 wakashinda 2-1. Deni la Yaoundé lililipwa siku hiyo. Fainali nne mfululizo ni kitu ambacho ekipe nyingi za Afrika hazijakifanya mpaka leo.

Tufike sasa 1974. Nchi inaitwa Zaïre, wachezaji wanaitwa Léopards, na Mobutu anataka ulimwengu uwaone. Mwezi wa 12 mwaka 1973 walikuwa wameipiga Moroko 3-0 Kinshasa na kukata tiketi ya Kombe la Dunia, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Kocha wao alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, ambaye zamani alikuwa kipa yeye mwenyewe, na kipa wa kweli: alishinda dhahabu ya Olimpiki 1960. Ilikumbukwa baadaye kwa uchungu.

Kombe la Afrika lilikuwa Misri, mwezi wa tatu. Léopards walianza kwa kuyumba, wakafungwa na Kongo-Brazzaville 2-1. Kwenye nusu fainali wenyeji Misri wakatangulia 2-0, na Léopards wakageuza: 3-2. Fainali ikawa na Zambia. Kwa Kazadi hao hawakuwa wageni wa mbali. Kati ya Lubumbashi na miji ya shaba ya Zambia ni mwendo mfupi wa barabara. Watu wa pande zote mbili wanaoana, wanauziana unga, wanajuana.

Tarehe 12, Kairo. Zambia wakatangulia kipindi cha kwanza. Ndaye akasawazisha. Dakika za nyongeza zikaanza, na dakika ya 117 Ndaye akafunga la pili. Zikabaki dakika tatu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama golini, hata kwa mpira wa majani ya migomba, anajua namna dakika tatu zinavyokuwa ndefu. Na kweli, kwenye sekunde za mwisho Brighton Sinyangwe akamfunga Kazadi. 2-2, filimbi.

Turudie tena, siku mbili baadaye. Katika historia yote ya Kombe la Afrika, ni fainali moja tu iliyorudiwa, na ni hii. Uwanja haukujaa, kwa sababu Wamisri walikuwa wamekwisha tolewa na hawakuwa na habari na Wazaïre na Wazambia. Kazadi alikuwa na siku mbili za kufikiria lile goli la dakika ya mwisho. Hiyo ndiyo kazi ngumu ya kipa: mshambuliaji akikosa anapata nafasi nyingine kesho, kipa akifungwa, watu wanahesabu. Tarehe 14 Ndaye akafunga dakika ya 30, akafunga tena dakika ya 76. Kwa upande wa Kazadi, hakuna kitu kilichopita. 2-0. Wachezaji waliporudi, Leta iliwapa nyumba na motokari.

Furaha ilidumu miezi mitatu. Kule Ujerumani ya Magharibi, mechi ya kwanza, Uskoti walishinda 2-0 tu, na watu wakasema si vibaya. Halafu wachezaji wakajua kwamba pesa yao ya kuchezea haitafika. Tarehe 18 mwezi wa 6, Gelsenkirchen, mbele ya Yugoslavia, zilipita kama dakika 20 na magoli yakawa 3. Vidinić akamtoa Kazadi, hali kipa hakuumia. Akaingia Tubilandu, ambaye alikuwa mfupi zaidi, na kabla hajagusa mpira vizuri akautoa wavuni. Ikaisha 9-0. Na katika fujo hiyo hiyo Mwepu Ilunga akampiga teke mwamuzi, lakini aliyepewa kadi nyekundu ni Ndaye.

Kwa kuwa kocha alikuwa Myugoslavia, maneno yalienea kwamba aliuza mechi. Miaka iliyofuata Vidinić alieleza kwamba amri ya kumtoa kipa ilitoka kwa mtu wa serikali. Iwe ni nani aliyeamua, kilichoonekana kwenye televisheni za ulimwengu ni kipa mzima, bingwa wa Afrika mara mbili na nchi yake, anatembea kwenda benchi. Si haki kuhesabu yale 9 yote juu ya jina lake, lakini ndivyo wengi wanavyofanya.

Mechi ya tatu alirudishwa. Brazili walihitaji magoli matatu ili kuwapita Waskoti, na baadaye Mwepu alisimulia kwamba wachezaji walitishwa wasithubutu kufungwa zaidi ya hayo. Goli la tatu, la Valdomiro, lilipita chini ya mwili wa Kazadi. 3-0. Brazili wakaendelea, Uskoti wakarudi nyumbani bila kupoteza hata mechi moja.

Kazadi alikufa 1996, mwaka ule vita ilipoanzia Kivu kuelekea Kindu na Kisangani, na kabla jina la Zaïre halijafutwa. Tangu 1974 nchi haijachukua tena Kombe la Afrika. Mazembe nao walingoja mpaka 2009 kulipata tena kombe la klabu bingwa. Fainali ile ilikuwa na Heartland ya Nigeria: walifungwa 2-1 ugenini, wakashinda 1-0 Lubumbashi, Robert mwingine golini, Kidiaba. Hesabu ikawa 2-2, na kombe likabaki Lubumbashi kwa lile goli moja la ugenini.